Baiskeli Masimba: Sheria Inakudai Nini, Nawe Udai Nini

Anayeendesha baiskeli Masimba, Kaunti ya Kisii, hakatazwi na mtu, wala hakumbukwi na mtu. Hadaiwi leseni ya udereva, hadaiwi bima, hana nambari ya usajili. Lakini barabara ikitiwa lami, lami hiyo hukatika ghafla penye mtaro, na pale alipotarajia kupita yeye hapana kitu. Mwongozo huu ni wako wewe unayeitegemea baiskeli kila siku: unayepeleka maziwa alfajiri, unayesukuma mikungu ya ndizi siku ya soko, mwalimu, fundi, mwanafunzi wa kutwa. Nitapita haraka kwenye yale ambayo sheria inakudai, maana si mengi, kisha nikae zaidi kwenye yale ambayo wewe waweza kuidai serikali. Huko ndiko tunakolala.

Wajibu wako barabarani

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, zinakutaka ufuate mambo ya msingi: pita kushoto, tii alama na mkono wa askari, onyesha kwa mkono unakoelekea, na usiku washa taa nyeupe mbele, nyuma uwe na taa nyekundu au kiakisi chekundu. Breki zishike. Kengele ilie. Usishikilie lori linalopanda mlima ili likuvute, hata kama dereva ni jirani yako na amekukonyezea. Helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga zimetajwa katika sheria kwa ajili ya watu wa pikipiki, tangu marekebisho ya 2012, lakini asubuhi ya ukungu huku kwetu milimani jaketi hiyo itakufaa wewe kuliko wao, kwa kuwa wao wana taa kubwa na wewe huna. Ukifunga mota kwenye baiskeli, mambo hubadilika: waulize NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kabla hujaitoa barabarani.

Sheria hiyo hiyo inawafunga wengine kwa faida yako. Kifungu cha 42 kinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya senta ya biashara, mji au jiji. Kwa hiyo Probox inayopita katikati ya soko kana kwamba inakimbiza jua imevunja sheria, hata kama hakuna kibao kilichosimikwa. Kifungu cha 45A, kilichoingizwa 2012, kinamwadhibu mwenye gari anayepanda njia ya watembea kwa miguu ili kukwepa msongamano: faini ya hadi shilingi 30,000 au kifungo cha hadi miezi mitatu kwa kosa la kwanza.

Kuna mambo ambayo sheria haisemi lakini mlima unasema. Baiskeli nyingi za mizigo tulizo nazo, zile nyeusi nzito tuziitazo Black Mamba, zina rimu za chuma na breki za fito. Rimu ya chuma ikilowa, breki huteleza. Huku mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu, basi jizoeze hivi: kabla mteremko haujaanza, gusa breki mara kadhaa polepole ili mpira ufute maji kwenye rimu. Ukishaingia kwenye mteremko umechelewa. Mzigo wa maziwa ugawe sawa pande mbili. Ukiwa na mkungu juu ya keria na mteremko ni mkali, shuka usukume. Wazee waliofanya kazi hii miaka mingi hushuka, na hakuna aliyewahi kuwacheka.

Usijibanze kwenye ukingo wa lami. Mahali pengi lami imeliwa na mvua ikaacha kingo kali zilizo juu ya udongo, na gurudumu likitoka hapo kurudi ni kuanguka. Acha kama nusu mita kutoka ukingoni. Barabara ikiwa nyembamba mno kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama, kaa mahali utakapoonekana, kisha lipishe utakapopata nafasi. Na uipite kwa mbali matatu au Probox iliyosimama, kwa sababu mlango utafunguliwa bila mtu kutazama nyuma.

Ukisimamishwa, au ukidaiwa ada

Afisa wa polisi ana haki ya kukusimamisha. Wewe nawe, ukikamatwa, unalindwa na Ibara ya 49 ya Katiba: uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama itakapofunguliwa ikiwa muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Uliza kwa adabu ni kosa gani na liko katika sheria ipi. Pesa za mkononi kando ya barabara hazina risiti, na kitu kisicho na risiti hakikulindi kesho.

Suala la ada ni gumu zaidi sokoni. Ibara ya 210 ya Katiba inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa. Karani akikudai ada kwa sababu umeingiza baiskeli yenye bidhaa, muulize mambo matatu: ni kaunti ipi inayotoza, ni sheria ipi, na risiti iko wapi. Swali la kwanza linaweza kuonekana la kijinga mpaka utakapofika Keroka. Mji ule umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimevutana kwa miaka kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Mfanyabiashara mdogo ndiye anayeweza kujikuta akilipa mara mbili. Tunza risiti ya kwanza mfukoni mpaka urudi nyumbani.

Ukigongwa

Hapa soma polepole, kwa sababu watu wa baiskeli hupoteza haki zao katika nusu saa ya kwanza.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamlazimu dereva aliyehusika katika ajali yenye majeruhi au uharibifu asimame, atoe jina lake na anwani. Asipofanya hivyo, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Wewe, au aliye nawe, andika nambari ya gari kabla ya kitu kingine chochote. Piga picha kwa simu: gari, baiskeli ilipoangukia, alama za matairi, hali ya barabara. Baiskeli ikisogezwa kabla ya picha, nusu ya ushahidi umekwenda.

Kisha kuna jambo la "tumalizane hapa hapa". Dereva atakupa elfu mbili za tyubu na rimu, wazee wawili watasema kijana ni wa familia nzuri, na wewe utaona haya kukataa. Kama kilichovunjika ni spoku tatu, malizaneni. Lakini kama umeumia, hata ukidhani ni kidogo, usimalizane barabarani. Goti linalouma leo linaweza kukuweka kitandani mwezi ujao, na zile elfu mbili zitakuwa zimeshaliwa.

Nenda hospitali na utunze kila karatasi. Ripoti kituoni na uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Omba fomu ya P3, ambayo daktari ataijaza kueleza majeraha. Baadaye omba abstrakti ya polisi: humo ndimo inapoandikwa kampuni ya bima ya gari lililokugonga. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari, na mwenye pikipiki pia, kuwa na bima ya kufidia watu wengine. Wewe wa baiskeli ni mmoja wa hao watu wengine. Huna bima yako, lakini unalindwa na yake. Kiwango cha juu ambacho bima hiyo inalazimika kulipa kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Pikipiki nyingi hazina bima iliyo hai, na hapo kesi huwa dhidi ya mtu binafsi, jambo gumu, ila si sababu ya kutoripoti.

Muda wa kushtaki ni miaka mitatu tangu ajali, chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Miaka mitatu huonekana mingi, na ndivyo wengi wanavyoipoteza. Muone wakili ndani ya miezi ya kwanza, ukiwa na OB, P3, abstrakti, risiti za hospitali na risiti ya fundi wa baiskeli.

Kwanza ujue barabara ni ya nani

Sasa tuje kwenye kudai. Kosa la kawaida la malalamiko yetu ni kupelekwa kwa mtu asiyehusika. Tunamwendea MCA, mwakilishi wetu wa wadi, kuhusu barabara kuu, naye anatikisa kichwa kwa huruma kisha anaendelea na shughuli zake, kwa kuwa barabara hiyo kweli si yake.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka barabara kuu za kitaifa chini ya serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho chini ya kaunti. Sheria ya Barabara ya 2007 nayo iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Fikiria safari moja. Unatoka nyumbani kwa kichochoro cha maramu kilichotengenezwa na kaunti. Unaingia barabara inayoweza kuwa ya KeRRA. Unafika Keroka, na hapo barabara ya Kisii hadi Sotik ni ya KeNHA, huku soko lililo pembeni yake likiwa la kaunti mbili. Safari ya asubuhi moja, wenye mamlaka wanne.

Utajuaje? Ubao wa mradi husema nani mwenye kazi, hata ukiwa umepinda na rangi imefifia. Pasipo na ubao, andika barua ya kuomba habari. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki hiyo, na ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Huhitaji kueleza sababu. Uliza maswali matatu tu: barabara hii iko chini ya nani, ramani ya mradi inaonyesha upana gani, na je, kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ndani yake? Ofisi ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengine huiita Ombudsman.

Usishangae ukiambiwa hata serikali ya kitaifa na kaunti zenyewe hazijaafikiana. Ushuru wa kukarabati barabara, unaokatwa kwenye kila lita ya mafuta, ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, na tangu hapo magavana na wabunge wamegombania mabilioni yake hadi mahakamani. Utasikia mtu akisema mwenye baiskeli hana haki ya kudai barabara kwa kuwa hanunui mafuta. Mjibu kwamba maziwa yako, sukari yako na nauli ya mtoto wako vyote vimebebwa na mafuta hayo, na ushuru wake umo ndani ya bei uliyolipa.

Usiombe njia ya Nairobi

Wanaharakati wa baiskeli nchini wana historia inayofaa kujifunza. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Kundi la Critical Mass Nairobi limekuwa likikusanya wapanda baiskeli kila mwezi waonekane barabarani. Ahadi ya asilimia 20 ilibaki zaidi kwenye karatasi. Barabara ya Thika, iliyokamilika 2012, ilipata njia za baiskeli, na sehemu nyingi zikageuka kuwa vibanda na njia ya boda. Mwaka 2022 ikaja Expressway, ambako baiskeli haikubaliwi kabisa.

Mimi sioni kwamba Masimba inahitaji njia ya Thika. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, karibu watu 957 kwa kilomita moja ya mraba. Mashamba yamefika hadi ukingo wa barabara, na kila mita unayoongeza ni mita ya mtu, ua wa mtu, wakati mwingine kaburi la babu wa mtu. Ukiomba njia pana pande zote mbili, utakuwa umejiandalia adui kabla ya kupata rafiki.

Omba kinachofaa mlima. Anayepanda ndiye anayehitaji nafasi, maana anakwenda mwendo wa kutembea na magari yanamkimbilia kwa nyuma. Anayeshuka anakwenda karibu na mwendo wa magari na anaweza kubaki njia kuu. Kwa hiyo dai kando yenye lami ya mita moja na nusu upande wa kupanda tu. Hilo peke yake ni nusu ya gharama na nusu ya ugomvi wa ardhi. Kisha dai mtaro ufunikwe kwa mabamba penye kona. Dai matuta yaachiwe upenyo mwembamba pembeni ili baiskeli yenye mzigo isiruke, na yapakwe rangi, kwa sababu tuta lisilo na rangi usiku limeumiza watu wa baiskeli kama mashimo yanavyowaumiza. Dai vyuma vya kufungia baiskeli sokoni, zahanati, na vituo vya kununulia majani chai, ambako wakulima wanaopeleka kwa kiwanda cha Kiamokama na vingine husubiri zamu kwa muda mrefu. Vyuma hivyo ni bei ndogo sana kwa bajeti ya wadi, na ndiyo sababu nimeviweka kwenye orodha: kitu kidogo kilichofanyika kwanza humzoesha MCA kukusikiliza.

Na ukae upande mmoja na vijana wa boda. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mnamo 2008, wengi waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli magharibi mwa Kenya walihamia kwenye injini, na dharau ikaanza. Lakini kando yenye lami, mtaro uliofunikwa na tuta lenye rangi vinawafaa wote. Wao ni wengi, wana viongozi, na wanasiasa wanawaogopa.

Tarehe ndizo nguvu

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukienda kulalamika Agosti kuhusu pesa za mwaka huo, zimeshagawanywa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka hatua. Kufikia Septemba 1, kaunti huwasilisha kwenye bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe. Kila hatua wananchi wanatakiwa washirikishwe, na kwa kawaida tangazo hutoka kwa kuchelewa, limebandikwa ofisi ya wadi au ya chifu wiki yenyewe. Jukumu la kuuliza ni lako. Pita ofisi ya wadi Julai, kabla ya Septemba, na tena Januari.

Kiti chenye uzito zaidi ni cha hatua ya kwanza, na ndicho kinachokaa kitupu. Mradi usiomo kwenye mpango wa Septemba huwa vigumu kuusukuma Aprili. Juu ya hiyo yote kuna mpango wa miaka mitano wa kaunti. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaandaliwa karibu na uchaguzi wa Agosti 2027. Huo ndio wakati wa kuliingiza neno baiskeli ndani ya karatasi ambayo kila bajeti italazimika kuirejelea.

Kwenye kikao usiseme "barabara zetu ni mbaya". Kila mtu atasema hivyo. Nenda na hesabu. Siku ya soko, weka watu wawili penye njia panda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wahesabu baiskeli zinazopita, wanaosukuma na wanaopanda, wanafunzi kando na wa mizigo kando. Rudia siku isiyo ya soko. Ofisi ya barabara huhesabu magari kwa kawaida, na baiskeli yako haimo kwenye daftari lao mpaka uiweke wewe.

Barua, kikundi, msafara

Mtu mmoja huitwa mlalamishi. Watu kumi wanaweza kuwa kikundi: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Cheti kinakupa muhuri, na muhuri hubadilisha jinsi karani anavyoipokea barua yako.

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti linaruhusiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kwa barabara ya KeNHA au KeRRA, ombi linaweza kwenda Bunge la kitaifa chini ya Ibara ya 119. Sheria ya 2012 ya kuwasilisha maombi Bungeni inakubali Kiswahili na hata mwandiko wa mkono, mradi lugha ni ya heshima na karatasi haina mafuto. Ufuate utaratibu huo huo hata kwa kaunti, utakuwa salama: uliwasilishe kwa karani wa bunge, useme kama umewahi kuziandikia ofisi husika na zikajibu nini, useme kama suala hilo liko mahakamani au la, umalize kwa kueleza waziwazi unachoomba, kisha majina, anwani, nambari za kitambulisho na sahihi au alama ya dole. Ombi moja, barabara moja. Ukiweka mambo saba, kamati itachagua lililo rahisi.

Mkitaka msafara wa baiskeli kutoka Masimba hadi Keroka, labda Juni 3, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018, Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka mumjulishe OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, siyo kuomba ruhusa, ila iandike vizuri: njia, saa ya kuanza na kumaliza, jina la mhusika. Ibara ya 37 ndiyo msingi wake. Wekeni wasichana wa shule mbele, wale wanaoendesha kweli kila siku, na msiwape wanasiasa kipaza sauti kabla ya hesabu yenu ya njia panda kusomwa.

Barua yoyote unayopeleka, beba nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Siku 21 za Sheria ya Habari huhesabiwa kutoka tarehe hiyo.

Mradi ukishapita, kazi haijaisha. Mkandarasi hupigilia vigingi vya kuonyesha upana kabla tingatinga halijafika. Siku hizo chache nenda na futi kamba, pima kutoka kigingi hadi kigingi, linganisha na ramani uliyojibiwa kwenye barua yako, na kama kando ya upande wa kupanda haimo, mwandikie mhandisi msimamizi siku hiyo hiyo. Kigingi hung'olewa kwa mkono mmoja. Lami ikishamwagwa utasubiri bajeti nyingine.